Matata ni Namba Ngapi?

Kijiwe chetu kiko Mikelenge, mtaa wa Kindu, pale njia ya sokoni inapogusa mfereji unaopita mbele ya nyumba yetu. Benchi ni traverse, ule ubao mzito unaolazwa chini ya reli, nao umekaa juu ya matofali tangu zamani treni ilipoacha kuja. Kahawa inauzwa na shangazi yangu Euphrasie, dada ya marehemu baba, na wanywaji ni wale wale. Mbusa ni mfanyabiashara aliyetoka Butembo. Tunamwita Complet, kwa sababu kila anachouza, hata kiatu kimoja, kwake ni complet, kitu kamili. Célestin ni mstaafu wa reli, anaitwa Chef de Gare ingawa hakuwahi kupewa kituo. Ismaël anaitwa Akiba, kwa ajili ya methali alizojaza kichwani na asizojua pa kuziweka. Mimi hukaa mwisho wa ubao na husema kidogo. Juma lile kulikuwa na neno moja tu: Jumamosi Destin, mtoto wa mdogo wangu, angemleta nyumbani bibi arusi wake, Nathalie, kutoka Lubutu, na shangazi alikuwa ameapa kwamba hatamfungulia mlango bila kusikia likembe ya baba, ile ala ndogo ya kupigwa kwa vidole gumba.

Nieleze jambo hilo kama lilivyokuwa. Mwaka wa 1999 tulikuwa ndani ya vita. Karakana ya reli ilifungwa, na baba yangu Matata, mfua chuma wa pale, alibaki na nyundo bila kazi. Mdogo wangu akataka kuoa. Ngoma ya arusi wakati ule ilikuwa inawaita wenye bunduki, basi baba alifua ndimi za chuma kutoka kwenye spoki za baiskeli, akazifunga juu ya kisanduku cha mbao, akapata likembe yenye sauti isiyovuka ua. Elisabeth, mama ya Destin, alisimama ng'ambo ya mfereji mpaka likembe ilipomwita. Akavuka, akamfunga mpigaji kitambaa kwenye kifundo cha mkono, na shangazi akafungua mlango. Ikawa desturi ya nyumba. Mwaka wa 2002 watu wenye silaha walipita, wakaichoma likembe pamoja na mlango, ili wapike. Baba alikufa mwaka uliofuata. Mabibi arusi waliokuja baadaye waliingizwa kwa muziki wa redio, na shangazi aliwafungulia akiwa amenuna. Safari hii alikataa. Sikio lake la kushoto lilikuwa limezima, na la kulia lilikuwa linajitayarisha kulifuata.

— Mama Euphrasie, shida imekwisha, alisema Complet asubuhi moja, akiwa na kinanda kirefu cheusi cha umeme kwapani. Hii njo synthé complet. Sauti mia sita. Iko piano, iko flûte, iko violon, iko hata mvua na helikopta. Unawasha, unapiga. Hakuna kujenga kitu.

— Sauti mia sita, alisema shangazi.

— Mia sita, mama.

— Kati yao, Matata ni namba ngapi?

Complet alikitazama kinanda kama mtu anayetafuta jina kwenye mlango wa jirani.

— Matata hayuko. Lakini iko kalimba, na kalimba na likembe ni ndugu. Sikia.

Akapiga. Ilikuwa sauti ya mviringo, nzuri kabisa. Hata wapita njia waligeuza shingo.

— Huyu ni muntu wa wapi? aliuliza shangazi.

— Wa kiwanda, mama.

— Anasema vizuri. Umupelekee mama yake salamu.

Akafunika birika. Kwa shangazi, kufunika birika ni hukumu. Hakuna anayepata kikombe cha pili mpaka neno jipya lije.

— Wazee walisema, alianza Akiba, mugeni njoo, mwenyeji apone. Njo sababu haifai kununua kinanda cha mbali.

— Hiyo methali inasema kinyume, Akiba, alisema Chef de Gare.

— Methali haina kinyume. Iko kama chapati.

Hapo ndipo Ramla alipofika. Ramla ni binti wa dada yangu, yule dada aliyeolewa kwa Waislamu wa mtaa wa Kasuku. Yeye ni fundi wa sauti kwenye redio moja ya mjini. Alikuwa na ordinateri yake kuukuu, kompyuta ya kukunja yenye bawaba moja iliyofungwa kwa waya. Akaiweka juu ya meza ya kahawa, katikati ya vikombe. Kwenye kioo hapakuwa na picha ya kinanda wala ya likembe. Palikuwa na vijisanduku vyenye maandishi, na nyuzi zikitoka katika kimoja kwenda kingine, kama kamba za mtu aliyeanika nguo bila mpango.

— Hii ni nini? aliuliza Complet. Na touches za kubonyeza ziko wapi?

— Hakuna touches, papa Mbusa. Kisanduku hiki kinatoa sauti mbichi. Hiki kinaipa mwanzo mukali, sawa vile kidole kinaachilia chuma. Hiki kinaizimisha polepole. Uzi njo unapitisha. Nikitoa uzi, kimya.

Akauvuta uzi mmoja ukakatika, na sauti iliyokuwa inalia ikanyamaza. Akaurudisha, ikalia tena.

— Donc, kumbe umeiunda weye mwenyewe, alisema Complet.

— Ninaiunda. Haijaisha.

— Mutoto wangu, arusi ni Jumamosi. Muntu mwenye kiu anaenda kwa jirani mwenye maji, haanzi kuchimba kisima. Hii yangu inalia leo, italia kesho, na hakuna wa kuuliza kwa nini inalia.

Sikumwona mpumbavu. Nimeona arusi nyingi zikiharibika kwa kungoja kitu kizuri zaidi. Lakini Ramla alimwuliza kwa adabu:

— Hii yako, papa, nikitaka kuingia ndani ya sauti nibadilishe kitu, ninaingia wapi?

— Kuingia ya nini? Ukifungua, garantie ya kiwanda imekufa.

— Njo hapo. Koko Euphrasie akisema inakosa kitu, weye utamwambia achague namba ingine. Miye nitaongeza kisanduku.

Chef de Gare alikuwa ameinamia kioo muda wote. Akavua kofia.

— Sasa nimeelewa. Hizi ni gare. Nyuzi ni reli. Sauti ni treni. Inatoka hapa, inapita Kibombo, inashusha mizigo, inaendelea.

— Na gare ya mwisho iko wapi? aliuliza Akiba.

— Sikio la Mama Euphrasie.

— Basi itachelewa, alisema Complet. Treni ya Kindu tunaijua.

Tulicheka, na Chef de Gare hakucheka. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekuwa kazini, kwa nini tusimpe fundi wa Tunda mbao na chuma, atengeneze likembe nyingine.

— Tulifanya, alijibu Ramla. Koko alipewa likembe za mafundi watatu. Zote nzuri, zote za watu wengine. Fundi akikata chuma kifupi, hakirudi kirefu. Hapa nikikosea ninafuta, tunasikia tena. Tunaweza kukosea mpaka tufike.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Akiba. Ufanye mbio, Ramla.

Ramla akapiga wimbo wa kumwita bibi arusi, ule ambao mimi na mdogo wangu tulikuwa tumemwimbia ili aujue. Shangazi aligeuza sikio la kulia, akafumba macho. Tuliona midomo yake ikienda na wimbo, kisha ikasimama.

— Hii imenawa, alisema.

— Namna gani, koko?

— Ni Matata siku ya kupiga picha. Amevaa shati ya kuazima, anaogopa kupumua.

— Inakosa nini?

— Ningejua jina yake, ningeituma sokoni.

Birika likabaki limefunikwa. Ndipo kijiwe kilipoanza kazi yake ya kweli, kutafuta kitu ambacho mwenyewe hakijui kwa jina.

— Moshi, alisema Complet. Wakati wa vita kila kitu kilikuwa na moshi. Hata chumvi ilikuwa moshi. Tuliichoma kwa majani ya mutoni.

— Weye ulikuwa Butembo wakati ule, alisema Chef de Gare. Usituchomee majani. Kinachokosa ni kutu. Spoki zilikuwa za kinga, baiskeli ya zamani. Sauti ilikuwa inapita juu ya kutu, sawa vile treni juu ya reli mbovu. Inatetemeka.

— Hapana, alisema Akiba. Ni njaa. Matata alipiga bila kula. Muntu aliyeshiba hawezi kupiga vile. Ramla, uweke kisanduku cha njaa.

— Nikiunganishe wapi?

— Kwa tumbo.

— Muzee Akiba, ordinateri haina tumbo.

— Njo sababu imenawa.

— Afadhali tuishindishe njaa siku moja bila courant, bila umeme, alisema Complet, tuone kama sauti itarekebishika.

— Miye ninasema tuipeleke karakana, alisema Chef de Gare, tuilaze pale juu ya chuma ya zamani, ikumbuke.

Nikasema:

— Buibui.

Waligeuka wote, kwa sababu sikuwa nimesema kitu tangu kikombe cha kwanza. Mimi natunza mambo ya nyumba yetu kama yalivyokuwa, wala siyatoi mpaka nijue yanahitajika. Mama yangu alikatazwa kufagia pembe moja ya jikoni. Pale buibui walikuwa wanaweka mayai, na juu ya mayai wanafuma kitu cheupe, chembamba kama ngozi ya kitunguu. Baba alikuwa anakibandua kwa ncha ya kisu, anakibandika kwa utomvu wa mpira juu ya tundu lililo nyuma ya kisanduku cha likembe. Ukigusa ulimi wa chuma polepole, ngozi ile inanyamaza. Ukigusa kwa nguvu, inanung'unika.

Shangazi aliweka kikombe chini.

— Njo ile, alisema. Ilikuwa inalalamika nyuma yake sawa vile muke.

Akafunua birika.

Lakini kumjua buibui ni neno moja, kumwingiza ndani ya ordinateri ni neno lingine, na kijiwe hakikubali kuachwa nje ya kazi kama hiyo.

— Rahisi, alisema Complet. Kule nyuma iko matundu ya upepo. Mumutie mumoja mudogo.

— Muache buibui, alisema Akiba, na safari hii alikuwa hacheki. Buibui alifunga mulango wa pango Mtume alipokuwa ndani, maadui wakapita. Hatufungi muntu aliyetusaidia.

— Hakuna wa kufungwa, alisema Chef de Gare. Wafaransa wanaiita internet toile. Toile ni nyumba ya buibui. Basi iko tayari ndani, ni kumutafuta tu. Weye Ramla, angalia nyuma ya ile gare ya kushoto.

— Akikutwa, nani atamulisha? aliuliza Complet.

— Mwenye garantie.

Ramla alikuwa ameshaondoka. Aliingia jikoni kwa shangazi, pembe ile ile ambayo mpaka leo haifagiwi, ingawa wengi wa nyumba walikuwa wamesahau sababu. Akarudi na kitu cheupe juu ya jani la mgomba. Akachukua kopo tupu la tomate, akalikata pande zote mbili, akakibandika kile cheupe juu ya mdomo mmoja kwa utomvu.

— Nani ana sauti nzito? aliuliza.

Hakuna aliyejitolea. Kwa watu wazima, wawili kati yao wakwe wa watu, kunguruma ndani ya kopo njiani si jambo dogo. Chef de Gare alijaribu kwanza, akatoa sauti ya filimbi, ngozi ikakaa kimya. Akiba akasoma methali ndani ya kopo, nayo ikakataa. Mwisho Complet akalichukua, akafuta mdomo wa kopo kwa leso, akanguruma.

Kopo likanung'unika.

Shangazi aliinuka kutoka kwenye kigoda chake. Sijui kama alikusudia.

— Endelea, baba, alimwambia Complet. Endelea hivyo.

Na mwenye duka kubwa la Mikelenge akaendelea, mashavu yamevimba, huku wateja wake wakimtazama kutoka ng'ambo ya njia, na Ramla akimwashiria kwa mkono: polepole, kwa nguvu, polepole tena. Alikuwa anasikiliza mahali ngozi inapoanza kulalamika na mahali inaponyamaza. Kisha akachora kijisanduku kipya kwenye kioo, akavuta uzi wa kuingia na uzi wa kutoka. Alipopiga tena, kila ulimi uliopigwa kwa nguvu ukawa na mtu anayenung'unika nyuma yake.

— Synthé yangu haifanyi vile, alisema Complet, akipumua kwa shida.

— Uifungue tuone, alisema Chef de Gare.

— Garantie.

— Wakati wa vita, Mbusa, alisema Chef de Gare, vya complet njo vilikwisha kwanza. Sabuni ya duka ilikwisha, tukatengeneza ya majivu na mafuta ya mawese. Taa zilikwisha, tukafanya za makopo. Vile tulijua ndani yake kuko nini, vile njo vilibaki.

Complet alikuwa bado ameshika kopo, na hakutaka kulirudisha.

Ijumaa Ramla alileta wimbo mzima. Sasa alikuwa ameweka kisanduku kinachokumbuka mwendo wa wimbo, kikiguswa mara moja kinaendelea chenyewe. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Hakufunika birika, lakini hakumimina.

— Sauti imerudi, alisema. Muntu angali njiani.

— Bado, koko?

Shangazi alichukua kijiko, akaanza kugonga ukingo wa kikombe. Mara ya kwanza hatukuona kitu. Kisha nikaona. Kila ilipofika zamu ya mkono wa kushoto katika wimbo, kijiko kilisita kidogo, kama mtu anayevuka mfereji na kutazama ubao kwanza. Nikakumbuka habari ya nyundo. Baba alijipiga kidole gumba cha kushoto karakanani kabla sijazaliwa, na kidole kile kilifika kwenye kila kazi baada ya mwenzake. Kwenye kamba, kwenye vifungo vya shati, kwenye likembe.

Nikamwambia Ramla. Akafungua kijisanduku, akabadilisha kitu kidogo sana, akafunga.

— Nilisema treni itachelewa, alisema Complet.

— Itafika, alisema Chef de Gare.

Likembe ikalia, kidole cha kushoto kikachelewa, kikafika. Shangazi alimimina kahawa katika vikombe vyote, hata katika kikombe cha Complet kilichokuwa bado kimejaa, na ikamwagika mezani.

Jumamosi Complet alikuja na bafle zake mbili, vipaza sauti vya duka, kila moja ina urefu wa mtu.

— Kwa heshima ya muzee Matata, alisema. Bure. Kindu yote isikie.

— Rudisha, baba, alisema shangazi. Ile sauti haikuvuka ua. Mwenye kuitaka atanyamaza.

Basi Ramla akaweka kipaza sauti kidogo ndani ya kisanduku cha mbao dirishani. Bafle zikabaki kwenye mkokoteni, Akiba akizikalia.

Nathalie alifika na mama zake wa Lubutu kabla ya adhuhuri, amevaa kitenge cha kijani, akasimama ng'ambo ya mfereji kama alivyofundishwa. Pale benchini, Ramla aligusa kijisanduku kimoja kwenye kioo. Kisha akaondoa mikono, akaifunga mgongoni.

Likembe ikaita.

Ilikuwa ndogo kama mtu anayesema akiwa chumba cha pili. Mwenye pikipiki wa kwanza alizima injini bila kuombwa, na wa nyuma yake akazima. Complet alivuka njia mbio, yeye na tumbo lake, akazima muziki wa duka lake mwenyewe. Wanawake waliokuwa wametoka sokoni walisimama na mabeseni kichwani. Njia yote ya soko, Jumamosi mchana, ikanyamaza kwa ajili ya kitu kisichoweza kuvuka ua, na hivyo kikavuka. Tulisikia spoki. Tulisikia ngozi ya buibui ikinung'unika. Mdogo wangu alishika ukuta.

Mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Shangazi alikuwa amesimama kizingitini, sikio la kulia limeelekea dirisha.

— Amekuja, alisema.

Hakuwa anamtazama bibi arusi.

Kisha akapiga vigelegele, virefu, vya mwanamke wa miaka ya nyuma, na mama za Lubutu wakavipokea, na wanawake wa mabeseni wakavipokea, na Chef de Gare akapiga filimbi yake ya kazi ambayo sikujua kwamba bado anaibeba mfukoni. Nathalie akavuka ubao wa mfereji. Alipofika kwenye benchi letu akasimama, akatoa kitambaa alichokuwa amekikunja kiganjani, cheupe, kimedariziwa pembeni, akatutazama mmoja mmoja kwa heshima.

— Nani njo anapiga? aliuliza. Ninataka nimufunge.

Chef de Gare alitazama nyuzi kwenye kioo, moja baada ya nyingine, kama anayetafuta treni iko kituo gani. Akiba alitafuta methali, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuipata.

— Si miye, alisema Ramla polepole. Miye nimevuta nyuzi tu.

Nathalie alibaki amenyoosha kitambaa, hana haraka, anangoja kuonyeshwa mkono. Shangazi alikuwa anacheza peke yake mlangoni na hakusikia swali. Nasi wengine wote tukageukia dirisha, na mle ndani ya likembe kidole gumba cha kushoto kikasita kidogo, kikafika.